Posa kwa Miji Mitatu

Wengine huchagua mji kwa mshahara.
Mimi naulizia kwanza ukoo wake wa mapafu:
nani anakohoa kwenu, na mwezi gani,
na je, usiku mnalala chali?

Agosti, Tabora, mtaa wa Isevya.
Miembe imechanua, na maua yake hayana haya,
yanaingia dirishani bila hodi,
yanakaa juu ya chandarua, juu ya chai.
Mbali huko moto wa kichaa unakula majani ya miombo
na jivu linashuka kwenye kamba ya nguo
taratibu, kama mgeni anayejua hatafukuzwa.

Baba alikuwa na mabani mawili ya tumbaku, Urambo.
Ada yangu ya shule ilikaushwa humo pamoja na majani.
Siwezi kuutukana moshi ule:
ulinisomesha,
kisha ukaja kudai.

Sasa ni mfamasia. Mchana nauza pumzi dirishani,
bomba la bluu, mikupuo mia mbili, tikisa kabla ya kuvuta.
Usiku nahesabu ya kwangu.
Nalala nimeegemea mito mitatu kama abiria wa treni
asiyejua kituo chake.

Basi nimepeleka posa kwa miji mitatu.

Wa kwanza uko kando ya bahari ya baridi.
Hewa yake, wanasema, ukiipiga kucha inalia kama bilauri.
Lakini nyumba zinatoka jasho,
na kuvu nyeusi inaota nyuma ya makabati.
Kuvu naijua. Tulikutana ghala la karanga, Sikonge,
nikatoka humo nimebebwa.

Wa pili uko mlimani. Kipimo chake cha vumbi ni sita.
Sita! Nilidhani wamesahau sifuri.
Nikamuuliza Shija wa Ndono, anayeosha vyombo vya maabara huko.
Akanijibu kwa sauti, huku akipenga kamasi:
"Dada, subiri Aprili.
Kuna mti mweupe, gome lake kama karatasi,
unamwaga unga wa njano mji mzima.
Watu wazima wanalia kwenye basi
na hakuna aliyefiwa."

Wa tatu ni tajiri, unalipa mara mbili.
Nikaomba picha ya saa saba mchana.
Jua lilikuwa kiini cha yai viza.
Posa hiyo niliirudisha mwenyewe.

Mama anachambua mchele, ananitazama kwa pembeni.
"Unahama nchi kwa ajili ya pua?"
"Ndiyo, mama."
"Na huko hawana pua?"
Tukacheka, mimi nikacheka hadi kifua kikafunga mlango,
na yeye akauacha ungo
akaja na kiganja chake kikavu
kunikanda mgongo, juu kwenda chini, juu kwenda chini,
bila neno, kama afutaye ubao.

Hakuna mji ulioniambia habari ya kiganja.
Nimetafuta kwenye ramani zote zenye rangi,
kijani kwa hewa njema, zambarau kwa hewa ya kuua.
Hakuna rangi yake.

Mwaka jana, Novemba, mvua ya kwanza ilinyesha usiku.
Iliosha mabati, ikaosha barabara ya stesheni,
ikaosha hata ule usiku wenyewe.
Nikaondoa mto mmoja. Nikaondoa wa pili.
Saa tatu nzima nililala chali katika mji nilikozaliwa,
pua zote mbili wazi, nikinusa udongo,
nikiogopa kusinzia nisije nikaupoteza.

Kulipokucha, vumbi lilikuwa limeshaanza kukauka.

Fomu ya mji wa mlimani iko mezani, chini ya bomba la bluu.
Jina: Kalunde Mlekwa. Umri. Taaluma.
Sababu ya kuhama: wameacha mstari mmoja tu, mfupi.
Nimeandika: kulala chali.
Nikafuta.
Nikaandika tena, kwa kalamu ya wino,
kisha nikamwita mama aje asome,
naye akaenda kwanza kuosha mikono.